Ndiyo Tatu kwa Nyutrino Moja

Jumatatu, 20 Septemba 1965

Nimekaa siku kadhaa bila kuandika, na ninaliomba radhi daftari hili. Sababu ni mgeni. Bwana Bhalerao, kijana wa fizikia kutoka Bombay, amehamia katika chumba cha mbele, kile ambamo marehemu mke wangu Thangam alikuwa akishonea nguo. Aliniuliza kama ninaona vibaya kuihamisha cherehani yake. Nilimjibu kwamba sioni vibaya hata kidogo.

Ninaona vibaya sana. Cherehani sasa iko jikoni, na mimi ninakula chakula changu juu yake.

Kijana mwenyewe ni mwema. Anakula wali wa maziwa mgando kana kwamba kesho unapigwa marufuku.

Lakini habari kubwa ni hii — nimeajiriwa tena! Baada ya maisha yote ya kugawa taa kwa wachimbaji wa dhahabu, kisha kustaafu bila shughuli ila kupanga vitabu vya nyimbo kanisani, nimeombwa nishike ufunguo wa mtego. Ndivyo tunavyouita hapa mtambo wa hawa wanasayansi. Umewekwa chini kabisa ya mgodi wetu, kwenye pango ambalo dhahabu yake ilikwisha. Kazi yangu ni kufungua, kufunga, na kuhakikisha kwamba hafanyi mtu upuuzi karibu na vyombo. Nimemweleza Thangam, yaani picha yake ukutani. Ilionekana kuridhika.

Jumatano, 22 Septemba

Wakati wa kahawa ya jioni nilimwomba Bwana Bhalerao, kama haikuwa taabu, anieleze wanatega nini. Haikuwa taabu. Alisahau hata kahawa yake.

Kinaitwa nyutrino. Ni chembe ndogo kupita kiasi. Haina chaji, na uzito wake, kama upo, hajatokea mtu wa kuupima. Inapita katika ukuta, katika mlima, katika dunia nzima kutoka upande huu hadi ule, bila kugusa kitu na bila kubisha hodi. Nikasema, kwa heshima zote, kwamba huo si ustaarabu. Akacheka, akasema ni kinyume chake: hakuna chembe yenye adabu kama hiyo, kwani haimsumbui mtu. Mabilioni yanapita katika ukucha wangu hivi tunavyozungumza.

Nikautazama ukucha. Kisha nikauficha mkono chini ya meza. Sijui kwa nini.

Kuhusu kutega chini ya mgodi: huku juu mna kelele, chembe nyingine zinanyesha kutoka angani mchana na usiku. Mwamba unazizuia kama bawabu mkali. Nyutrino peke yake hupita. Na mara chache sana, moja hujikwaa katika mwamba, na pale inapojikwaa hutoka chembe ya pili, ambayo huwasha mirija ya gesi iliyopangwa katika mtego. Kamera inapiga picha. Mstari mnyoofu wa nukta za mwanga — basi, ndiyo mavuno. Wenzao katika mgodi mmoja wa Afrika Kusini wanatega vilevile, na kila upande unauombea mwingine mafua.

Bila chembe hii, asema, hatuelewi jua linawakaje wala vitu vinavunjikaje ndani kwa ndani.

Lakini kilichonigusa ni habari ya aliyeibuni. Profesa mmoja wa Ulaya, zamani, aliona kwamba chembe fulani zikivunjika, sehemu ya nguvu yake hupotea wala haijulikani imekwenda wapi. Akabuni chembe isiyoonekana ili nguvu ile iwe na mchukuzi. Kisha akawaandikia wenzake akiomba radhi kwa ujasiri huo. Tena akaomba radhi kwamba hataweza kufika mkutanoni, kwa kuwa siku hiyo alikuwa na dansi. Mwanasayansi aliyeomba radhi mara mbili kwa pigo moja! Ninakwenda kulala nikimheshimu.

Jumapili, 26 Septemba

Habari za nyutrino zimefika kanisani kabla yangu. Baada ya ibada akina mama wa ushirika walinizunguka. Bibi Gnanasoundari, anayepiga kinanda, aliuliza kama hizo chembe hupita hata mtu akiwa anaoga. Nilisema naam, kwa masikitiko. Akauliza kama haziwezi kuombwa zipite saa nyingine. Niliahidi kuulizia.

Kisha Mchungaji Swamidoss akaniita pembeni. Sikukuu ya vyombo inakaribia, ile ambayo jirani zetu Wahindu huvivisha mashada vyombo vyote vya kazi, wakavitia alama za msandali na unga mwekundu, wakaviwashia kafuri. Mgodini hawabakizi kitu. Hata mizani ya karani hupata ua lake. Mchungaji alisema kwamba mimi sasa ni mzee wa kanisa mwenye ufunguo, na macho ya waumini yananitazama. Alitaka nimwahidi kwamba sitashiriki ibada hiyo ya puja, wala sitaikodolea macho.

Nikasema ndiyo. Ningesema nini?

Jumanne, 28 Septemba

Bwana Bhalerao naye amesikia habari za sikukuu. Alikuja jikoni na kijiko mkononi, ameingiwa na hofu. Akasema kamera ya mtego inakaa jicho wazi gizani kwa saa nyingi. Kibiriti kimoja kikiwashwa karibu, filamu imeharibika. Moshi, vivyo hivyo. Maji ya nazi, Mungu apishe mbali. Aliniomba nimwahidi kwamba hakuna moto wala unga wala nazi itakayovuka mlango ninaoushika mimi.

Nikasema ndiyo. Kweli ni haki yake.

Alhamisi, 30 Septemba

Nilikuwa ninanunua biringani sokoni nilipokutana na Munusami, nyapara wa kundi linalowabebea wanasayansi vyombo. Tunajuana tangu akiwa kijana anayepoteza taa zangu. Thangam ndiye aliyewashonea binti zake blauzi za arusi. Alinishika mkono akauweka kifuani pake.

Alinieleza kwamba vijana wake wana wasiwasi. Chombo kipya kimeingia mgodini, kinakula umeme, kinakaa chini kabisa, tena hakijapata puja hata moja. Juzi mwamba ulipasuka, sufuria zikacheza mji mzima; wao wanajua sababu. Kama mtego utarukwa siku ya sikukuu, kesho yake hawateremki. Na wasipoteremka, ni nani atakayembebea Bwana Bhalerao filamu zake?

"Mzee wetu," alisema, "sisi hatukuombi utufanyie. Tunakuomba usituzuie. Utatunyima?"

Wanawake wawili wenye vikapu walikuwa wamesimama kutusikiliza. Haiwezekani kumnyima mtu jambo mbele ya biringani za watu.

Nikasema ndiyo.

Ijumaa, 1 Oktoba

Leo asubuhi, wakati wa kunyoa ndevu, ndipo zile ndiyo tatu zilipokutana kichwani mwangu. Nimejikata.

Moto usiingie. Moto usizuiwe. Na mimi nisiutazame.

Nikawaalika kijana na Munusami kwa kahawa, nikiamini kwamba watu wakikaa vizuri hukubaliana. Walikaa vizuri. Hawakukubaliana. Bwana Bhalerao alieleza mirija, kamera, moshi. Munusami alisikiliza kwa heshima, akaweka kikombe chini.

"Kijana wangu," akasema, "wewe una kitu hakionekani, hakishikiki, kinapita kwenye mwamba, na serikali imekupa pesa. Mimi nina baraka, nayo haionekani, haishikiki. Mbona yangu inaombwa kibali?"

Bwana Bhalerao alikoroga kahawa yake. Kisha akasema kwamba basi, ikiwa baraka hupita katika mwamba, ifanyiwe huku juu, mdomoni mwa shimo, nayo itateremka yenyewe. Nilifurahi nusura nipige makofi. Munusami akauliza kama mgonjwa akilazwa hospitali sindano huchomwa jirani yake. Nikaongeza biskuti.

Mwisho wake wakaafikiana: mrija mmoja wa akiba utaletwa juu, uvishwe shada, uwashiwe kafuri mbele ya watu wote. Munusami alisema sawa. Aliisema upesi mno. Ninamshukuru Mungu hata hivyo.

Jumatatu, 4 Oktoba

Siku ya sikukuu. Nimechoka, nitaandika kwa kadiri ya nguvu.

Asubuhi mgodi ulikuwa bustani. Mnara wa shimo, lifti, gari la wagonjwa — vyote na mashada ya maua ya manjano. Mrija wa akiba uliwekwa juu ya kiti, umepakwa msandali kama bwana arusi. Bwana Bhalerao alisimama kando akiwa amekunja mikono. Aliporudi kwenye skuta yake aliikuta ina ndimu chini ya kila gurudumu na alama nyekundu katikati ya taa. Aliniuliza kama ni halali kuipangusa. Nilimshauri asubiri kesho. Kafuri ilipowashwa nilikumbuka ahadi ya Mchungaji, nikatazama mawingu. Boga jeupe likapasuliwa chini kuondoa husuda, na kipande kimoja kikaniangukia kiatuni. Nilikiomba radhi. Sijui ninakuwaje.

Kisha ikawa zamu ya kuteremka kubadilisha filamu: mimi na ufunguo, Munusami na vijana wake wawili. Munusami alibeba kopo lake la chakula kwa mikono miwili, jinsi mtu anavyobeba mtoto. Nilimuuliza kama leo kuna chakula kizuri. Akasema kizuri sana.

Huko chini joto ni lile lile la zamani. Nilifungua mlango wa pango, nikaondoa kitambaa cheusi kama nilivyofundishwa, filamu mpya ikaingizwa, jicho la kamera likafunguliwa. Kazi ikaisha. Hakuna aliyeondoka.

"Mzee," akasema Munusami kwa sauti ya chini, "geuka kidogo utazame ukuta. Tuna kajambo ketu kadogo."

Nilikuwa nimemwahidi Bwana Bhalerao. Nilikuwa nimemwahidi Munusami pia. Lakini iliyonijia kwanza ni ahadi ya Mchungaji, kwamba sitakodoa macho, na hiyo ndiyo iliyokuwa rahisi kuitimiza.

Nikageuka. Nikautazama mwamba. Ni mwamba mzuri, una mshipa mweupe. Nikasikia kopo likifunguliwa. Nikasikia kitu kinakwaruzwa, nikakohoa ili nisikisikie. Munusami alinong'ona maneno, akamaliza, akasema asante Mzee, tayari. Tukafunga.

Sikuona kitu. Hilo ninaweza kuliapia mbele ya askofu.

Jumanne, 5 Oktoba

Vijana wameteremka kazini wakiimba. Bwana Bhalerao amefurahi, amesema mimi ni mwanadiplomasia. Filamu ya jana imetolewa, inasafishwa.

Sikula mchana. Nimesema ni tumbo.

Nimerudi nyumbani nikaikuta cherehani ya Thangam ina ua la manjano juu ya gurudumu lake na nukta moja nyekundu. Mke wa Munusami alipita kuleta bisi za mchele, akaona chombo cha kazi hakina mtu wa kukikumbuka. Mzee wa kanisa angeliondoa ua hilo. Nimelisogeza tu, nipate pa kuweka sahani.

Jumatano, 6 Oktoba

Ee Bwana.

Bwana Bhalerao aliingia mbio, kiatu kimoja kimefunguka, picha mkononi ikiwa bado mbichi. Akaiweka juu ya cherehani. Upande wa kushoto, mstari wa nukta za mwanga, mnyoofu kama uzi uliovutwa. Alisema hiyo ni nyutrino, hana shaka, imekuja kwa ubavu, karibu sambamba na sakafu, imevuka maili na maili za mwamba kutujia sisi. Nikampongeza kwa mikono miwili. Kijana alikuwa na machozi.

"Sasa tazama hapa, Mzee," akasema.

Upande wa kulia, chini, palikuwa na doa la mwanga. Dogo, limechongoka juu, limejaa chini. Kama tone la maji. Kama jani la mpilipili. Kama — naam.

Amekaa usiku kucha na doa hilo. Hakuna kitabu kinacholitaja. Si mstari, si cheche, si kasoro ya filamu. Anaamini kwamba nyutrino ilipogonga mwamba ilizaa kitu cha pili, kitu kipya, kinachotoa mwanga wake polepole badala ya kupita. Chembe ambayo hajaiona mtu yeyote duniani! Ameijazia kurasa za hesabu. Ina uzito, ina umri. Leo asubuhi imepata hata ndugu.

Nilimuuliza, kwa sauti iliyotoka ndogo, kama haiwezekani kuwa ni moto. Akasema alishalifikiria hilo, akaliondoa mara moja, kwa sababu mlango ninaushika mimi na mimi nilimwahidi.

Kisha akainuka, akanishika bega. Akasema anayeigundua chembe huwa na haki ya kuipa jina, na yeye amekula wiki hizi mezani — akaitazama cherehani, akajisahihisha — amekula vizuri katika nyumba ya mama ambaye hakumjua. Jina la mama huyo maana yake ni dhahabu, na chembe imeonekana katika mgodi wa dhahabu. Anataka iitwe thangam. Vitabu vyote vya fizikia, Mzee. Watoto wa shule wa Urusi watalikariri.

Nilichukua ndoo. Nilikwenda kuchota maji ambayo hatukuyahitaji.

Niliandika kwamba sikuona kitu. Ni kweli. Uso niliugeuza; pua sikuigeuza. Pango zima lilinukia kafuri.

Ikisemwa, Munusami atafukuzwa kazi, kwa kuwa moto chini ya mgodi una sheria zake. Isiposemwa, kijana ataisimamisha chembe ya kafuri mbele ya wasomi wa dunia, nao siku moja watacheka mpaka waikatae na nyutrino yake ya kweli pamoja nayo. Na jina la Thangam ndilo watakalokuwa wakilicheka.

Lakini lingekuwa, kwa miaka miwili mitatu, katika vitabu vyote. Ninaomba nisamehewe kwa kuiandika sentensi hiyo. Nimeisoma mara nyingi.

Alhamisi, 7 Oktoba

Ninaandika jikoni, maziwa yakiwa motoni, kwa sababu sithubutu kwenda barazani.

Bwana Bhalerao amevaa tai. Anakwenda posta kupeleka simu ya maandishi Bombay kabla wenzao wa Afrika Kusini hawajaona doa la kwao. Ametaka nifuatane naye, nishuhudie jina likipigwa. Nilisema ndiyo. Kisha nikasema kwanza kahawa.

Hapo akafika Munusami na sahani ya peremende za sikukuu, kuja kunishukuru. Na kabla sijamkaribisha, akaingia Mchungaji Swamidoss akisukuma baiskeli. Ilikuwa kwa fundi siku ya sikukuu. Ameiendesha siku tatu, hadi kwenye mazishi mawili, bila kujua kwamba nyuma ya kiti ina shada dogo na nukta tatu za msandali. Anataka kujua kama mzee wake wa kanisa alikuwa na habari.

Nimewakalisha wote watatu. Ukuta huu ni mwembamba, ninawasikia.

Kijana anawaonyesha picha. Mchungaji amesahau baiskeli. Amesema doa lile linafanana na ndimi za moto wa Pentekoste. Munusami ameomba aishike picha. Halafu ameuliza kama kitu kikionekana chini ya mgodi, waliokuwapo huongezewa mshahara au hupunguziwa. Bwana Bhalerao amecheka, akamwambia jina litakuwa thangam.

Kiti cha Munusami kimelia. Najua anachofikiri: zile blauzi za arusi.

Nami ninaitazama cherehani. Thangam alifumua blauzi nzima ya mtoto wa kwanza wa Munusami, siku moja kabla ya arusi, kwa mshono mmoja uliokwenda upande chini ya kwapa. Nilimwambia hapana mtu atakayeuona. Alisema yeye ameuona, akaendelea kufumua.

Yule profesa aliomba radhi kwa kubuni chembe isiyoonekana. Mimi itanipasa kuomba radhi kwa hii inayoonekana. Na Munusami ni lazima nimkinge nyuma yangu: ufunguo ulikuwa kwangu, mlango ulikuwa kwangu, na aliyegeukia ukuta ni mimi. Hilo ni kweli pia. Heri wamfukuze karani wa taa aliyekwisha kustaafu mara moja, amezoea.

Na mstari wa nukta ubaki. Ule hakuuwasha mtu.

Wananiita. Kijana anasema posta itafungwa. Mchungaji anasema sukari. Munusami peke yake ameniita jina langu, Pakianathan, bila kusema Mzee, kama mtu anayeshika mkono wa mwenziwe gizani.

Maziwa yamepanda. Ninachukua trei. Neno la kwanza ninalo tayari, ndilo ninaloanzia siku zote: naomba radhi. La pili ndilo —